Kwanini tone la mafuta linatambaa haliishi wakati la maji linagoma pale pale?

Kuna msomaji kaniletea swali, nalifupisha hapa ili wote tuwe pamoja: "Mtaalamu naomba unisaidie. Nilichukua sindano nikaweka kitone kidogo cha mafuta ya silikoni juu ya slaidi ya kioo, pembeni yake kitone cha maji. Maji yalitanuka mara moja yakagoma. Mafuta hayakugoma. Dakika ya kwanza upana wake ulikuwa kama mm 2.5, nikarudi baada ya nusu saa nikakuta mm 3.5 na bado yalikuwa yanaenda. Nini kinayavuta, na mbona yanaenda taratibu hivyo? Na pale ukingoni kabisa, mafuta yanapoishia na kioo kinapoanza, kuna nini?"

Ndugu yangu, kwanza hongera kwa kupima, watu wengi wanaangalia tu wanaondoka, na hizo namba zako mbili tutazitumia sana humu maana zimebeba karibu kila kitu. Afu hilo swali lako la mwisho, la ukingoni kuna nini, ndo linajibu hayo mawili ya kwanza. Tone zima unaloliona linasubiri ukingo wake, na ukingo nao unaamuliwa na mambo yanayotokea kwenye skeli ambayo jicho halifiki na hadubini ya kawaida nayo haifiki.

Tuanze na nani anamvuta nani. Pale ukingoni wanakutana watatu, kimiminika, kioo na hewa, na kila mpaka kati ya wawili una mvutano wake. Mvutano wa uso wa maji ni milinyutoni 72 hivi kwa kila mita, wa mafuta ya silikoni ni kama 20 tu. Huu mvutano unataka uso wa kimiminika ujikunyate uwe mdogo iwezekanavyo, ndo maana tone likiwa hewani ni duara. Kioo nacho kinapenda kufunikwa, kwa sababu molekuli za juu kabisa za kioo upande mmoja hazina jirani wa kushikana naye. Kwa hiyo pale ni vuta nikuvute, kioo kinalivuta tone litanuke, uso wa tone unalirudisha lijikusanye, na tone linasimama kwenye pembe ambayo hizo nguvu zinalingana. Thomas Young wa Uingereza alilieleza hili mwaka 1805, na alilieleza kwa maneno matupu bila kuandika fomula, fomula yenye jina lake ambayo wanafunzi wanaikariri leo imetokana na hayo maneno. Hiyo pembe tuiite pembe ya mgusano.

Sasa kama kioo kinavuta kwa nguvu kiasi kwamba hamna pembe yoyote inayoweza kuleta usawa, tone linakosa pa kutulia. Linatanuka tu, kwa hesabu linataka kuwa utando. Mafuta yako yako kwenye hali hii, mvutano wao ni mdogo sana na kioo kinawashinda kirahisi.

Hapa lazima nikurekebishe kidogo kuhusu maji, usijisikie vibaya maana hili linawapata hata watu wa maabara. Maji kwenye kioo kisafi kabisa nayo yanatanuka karibu mpaka pembe ifike sifuri! Yalikugomea kwa sababu kioo chako, hata kama kilikuwa kinang'aa, kilikuwa na utando mwembamba wa uchafu wa kikaboni, mafuta ya vidole, mvuke wa kila aina uliomo hewani, na utando huo unaweza kuwa wa molekuli moja tu kwa unene na ukatosha kuyageuza maji. Kioo kikishasafishwa sawasawa halafu kikaachwa wazi kinaanza kuchafuka muda huo huo. Mafuta ya silikoni yenyewe hayajali sana huo uchafu kwa sababu mvutano wao ni mdogo hata kuliko wa uchafu wenyewe, kwa kawaida. Yaani safu ya unene wa molekuli moja inaamua tone lenye upana wa milimita litakaaje, na hapo bado hatujafika hata kwenye mwendo.

Twende kwenye spidi sasa, ndipo penye kazi. Zile milisekunde za mwanzo kabisa tone likigusa kioo kila kitu kinaenda mbio na kinachozuia ni uzito wa kimiminika chenyewe kusukumwa, hiyo sehemu kwa mafuta mazito huwezi hata kuiona, tuiache. Baada ya hapo unaingia mwendo ule uliouona. Mwaka 1979 Tanner alichapisha vipimo vya matone ya mafuta ya silikoni juu ya kioo, jaribio hilo hilo lako, akaonyesha kwamba nusu kipenyo cha tone kinakua kama muda ulioinuliwa kwa kipeo cha 1/10. Moja ya kumi! Ili upana uwe mara 2 unahitaji muda mara 1024. Kama tone linafika upana fulani baada ya sekunde 1, kufika mara mbili ya hapo ni dakika 17, mara mbili tena ni siku 12, na mara mbili nyingine, kama sheria ingeendelea kufanya kazi na tone lisiguswe na vumbi, ni miaka 34.

Pima na namba zako. Kutoka dakika 1 hadi dakika 30 muda umeongezeka mara 30. Kipeo cha 1/10 cha 30 ni 1.4. Zidisha mm 2.5 kwa 1.4 unapata mm 3.5. Hiyo ndo namba uliyoniletea, na umeipata kwa rula na kamera ya simu.

Sasa kwanini 1/10, mbona kitu cha ajabu hivyo? Hapa twende taratibu. Tone dogo bapa lina umbo la kofia, na mafuta yako hayapungui wala kuongezeka, ujazo ni ule ule. Upana ukiwa mara 2, urefu wa tone unashuka mara 4, na pembe ya ukingoni inashuka mara 8. Afu spidi ya ukingo inafuata pembe hiyo ikiwa imezidishwa yenyewe kwa yenyewe mara tatu, kwa hiyo pembe ikishuka mara 8 spidi inashuka mara 512. Ndo maana tone linajifungia breki lenyewe, kila likisogea linazidi kuwa bapa na kila likizidi kuwa bapa linapoteza nguvu ya kusogea na njia ya mafuta kupita inazidi kuwa nyembamba. Kwa tone lako, dakika ya kwanza ukingo ulikuwa unakwenda kama mikromita 2 kwa sekunde (mikromita ni milimita moja igawe mara elfu), nusu saa baadaye mikromita 0.1 kwa sekunde, mara 20 polepole zaidi wakati upana haujafika hata mara moja na nusu ya ule wa mwanzo.

(Tone likiwa kubwa, nusu kipenyo kikipita sana milimita moja na nusu kwa mafuta haya, uvutano wa dunia unaingia nao kulisukuma na kipeo kinabadilika kuwa 1/8. Kitone chako kilikuwa kidogo kiasi cha kubaki karibu na 1/10, na ulifanya vizuri kutumia sindano.)

Hiyo njia nyembamba ndo kiini cha habari. Chukulia ukingo kama kabari. Mbali na ncha mafuta ni marefu, yanatiririka bila shida. Ukikaribia ncha yanazidi kuwa membamba, na chini yapo kwenye kioo ambacho hakisogei. Tabaka la mafuta linalogusa kioo tumezoea kusema limesimama kabisa, halitelezi, hii kanuni inafanya kazi vizuri kwenye mabomba, kwenye mito, kila mahali. Basi kama tabaka la chini limesimama, ukingo unasogeaje? Jibu la kwanza ni kwamba hauburuzwi, unabiringika. Mafuta ya uso wa juu yanakuja mbele, yanainama kwenye ncha, yanalala juu ya kioo yanabaki hapo, na mengine yanakuja juu yake, kama mnyororo wa katapila unavyolala chini wakati gari linaenda. Watu waliweka alama za rangi juu ya uso wa kimiminika kinachosonga wakaziona zikifika ukingoni zikipinda kwenda chini, kwa hiyo hili si la kubuni.

Lakini hata ukikubali kubiringika, hesabu inagoma. Mwaka 1971 Huh na Scriven huko Marekani waliipiga hiyo hesabu mpaka kwenye ncha wakakuta msuguano wa ndani ya kimiminika, yaani ule unaotokana na mnato, ule uzito wa kimiminika kutiririka, unakwenda kwenye infiniti, hauna kikomo. Waliandika kwamba kama mfano huu wa hesabu ungekuwa kweli mia kwa mia basi hata Herakles, yule shujaa mwenye nguvu wa Wayunani, asingeweza kuzamisha kitu majini, kwa sababu kuzamisha ni kuusogeza ukingo wa maji juu ya hicho kitu. Na sote tunazamisha vijiko kila siku. Kwa hiyo lazima kuna kitu pale kwenye ncha ambacho kanuni ya kawaida haina habari nacho.

Kabla sijakwambia ni nini, angalia kwanza uzito wa hilo tatizo. Ukijumlisha msuguano kutoka kwenye ncha hadi katikati ya tone unakuta kila hatua ya mara kumi inachangia sawasawa. Kipande cha kutoka nanomita 1 (milimita moja igawe mara milioni) hadi nanomita 10 kinakula nishati sawa na kipande cha kutoka mikromita 100 hadi milimita nzima. Mi nilipokutana na hili mara ya kwanza nililirudia mara kadhaa kwenye karatasi kwa sababu sikuamini. Kati ya nanomita na milimita kuna hatua 6 za namna hiyo, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu ya tone inaliwa kwenye kipande cha ukingo ambacho ukiliangalia tone kwa macho hukioni kabisa. Tone linatembea polepole kwa ajili ya ile kabari, na kabari inaishia kwenye saizi ya molekuli.

Haya, kwenye ncha kuna nini? Kuna mambo mawili na yanategemea kimiminika na uso wake. La kwanza ni kwamba ukishuka mpaka nanomita chache, tabaka la chini linaweza kuteleza kidogo. Molekuli zinaruka kutoka sehemu moja ya kushikia kwenda nyingine, hatua za chini ya nanomita au karibu na hapo, zinaruka mbele na kurudi nyuma kwa sababu ya joto, na pale ambapo kuna nguvu inayosukuma zinaruka mbele mara nyingi kuliko kurudi. Blake na Haynes walilijengea hili hesabu mwaka 1969. Ukingo unaouona kama mstari mmoja uliotulia kwa kweli ni umati wa molekuli unaotikisika muda wote.

La pili ndo la mafuta yako, na mimi ndo ninalolipenda zaidi. Mbele ya ukingo unaouona, kuna mafuta mengine. Utando mwembamba sana umeshatangulia, unene wake unaanzia molekuli moja mpaka makumi ya nanomita, na umeenea mbele ya tone juu ya kioo unachodhani ni kikavu. William Hardy wa Uingereza alishaushtukia mwaka 1919 bila kuuona, alikuwa anapima msuguano juu ya kioo akakuta kioo kinateleza mahali ambapo tone halijafika. Kinachouvuta utando huo ni nguvu za van der Waals, mvutano ule wa molekuli kwa molekuli, kati ya mafuta na kioo. Nguvu hizi zinafika umbali mdogo sana, zikipita nanomita 100 hivi zimeshachoka, lakini ndani ya umbali huo ni kubwa kuliko mvutano wa uso unavyoweza kuzipinga.

Ukipata hadubini yenye mwanga wa kijani angalia ukingo wa tone lako kutokea juu. Utaona michirizi, mweusi, mwanga, mweusi, mwanga, imepangana sambamba na ukingo kama mistari ya ramani ya milima. Inatokana na mwanga unaorudi kutoka juu ya mafuta kukutana na ule unaorudi kutoka kwenye kioo, na kutoka mchirizi mmoja hadi mwenzake unene wa mafuta umebadilika kwa nanomita kama 195. Mi nimekaa nikiangalia michirizi hiyo ikifunguka, mwanzoni imebanana huwezi kuihesabu, baada ya nusu saa imeachana vizuri maana kabari imelala. Unafika mchirizi wa mwisho, halafu mbele ni kijani kilichotulia tu, jicho linakwambia mafuta yameishia hapa. Siku moja kulikuwa na chembe ya vumbi mbele ya ukingo, bado haijaguswa na mafuta yanayoonekana, nikaona pembeni yake panaanza kujikusanya kikola kidogo cha mafuta, kinanenepa taratibu chembe ikiwa bado iko "nchi kavu". Mafuta yalikuwa yamefika kwa njia ya utando. Dakika chache baadaye ndo ukingo wenyewe ukafika.

Mwaka 1989 Heslot, Fraysse na Cazabat kule Ufaransa waliupima utando huu na matone madogo kabisa ya aina hii ya mafuta kwa kusoma jinsi mwanga unavyobadilika ukidunda juu yake, wakakuta mwisho wa tone umejipanga kama ngazi, ngazi ya kwanza ina unene wa molekuli moja, ya pili mbili, na kuendelea. Kimiminika ambacho tumezoea kukiona laini kimeshuka kwa ngazi unazoweza kuzihesabu! Na ngazi ya chini inakimbia mbele kama kipeo cha 1/2 cha muda, wakati tone lenyewe linakwenda kwa 1/10, kwa hiyo kadiri muda unavyokwenda utando unazidi kuliacha tone nyuma.

Sasa rudi kwenye swali lako, nini kinayavuta mafuta. Mtu angetegemea kwamba kioo chenye mvuto mkubwa zaidi kitalivuta tone haraka zaidi, si ndio? Vipimo vinakataa. Ukishakuwa kwenye hali ya kutanuka kabisa, spidi ya tone unaloliona haijali kioo kinavuta kwa ziada kiasi gani, inajali mnato, mvutano wa uso na ujazo tu. Hiki kitu kilisumbua watu mpaka Pierre-Gilles de Gennes, Mfaransa aliyekuja kupata Nobeli ya fizikia 1991 kwa kazi nyingine, akakipanga vizuri kwenye makala yake ndefu ya mwaka 1985. Ile nguvu ya ziada ya kioo yote inaliwa ndani ya utando. Kioo kikivuta zaidi, utando unakwenda mbali zaidi, na msuguano ndani ya utando unakula ile ziada mpaka inaisha. Tone linalokuja nyuma linakuta limeshatandikiwa, linatembea juu ya mafuta yenzake, halikigusi kabisa kioo kikavu, na kinacholisukuma ni mvutano wake lenyewe unaotaka kuulaza ule mgongo wake. Kioo kilifanya kazi yake mapema, kikamaliza. Na infiniti ya Huh na Scriven inapotea hapo hapo, kwa sababu kabari haifiki sifuri, inaishia juu ya utando wenye unene.

Maji yako yalikosa hicho. Pembe yake kwenye kioo kilichochafuka kidogo iko juu ya sifuri, hayana utando wa namna hiyo wa kutangulia, kwa hiyo ukingo wake unakutana na kioo uso kwa uso, na kila kasoro ya kioo ni kizuizi, mkwaruzo, doa la mafuta ya kidole, chembe. Ukingo unanasa. Ndo maana maji hayana pembe moja, yana pembe ya kwenda mbele na pembe ndogo zaidi ya kurudi nyuma, na kati ya hizo mbili ukingo haujongei. Inamisha slaidi yako utaona tone limevimba mbele na kulala nyuma lakini haliteremki. Ukingo ukiwa umenaswa hivyo na maji yanakauka, maji ya ndani yanalazimika kukimbilia pembeni kufidia yale yanayopotea na yanabeba kila uchafu kwenda nao, ndo ile pete unayoiona maji machafu yakikauka. Mwaka 1997 Deegan na wenzake wa Chicago walieleza mtiririko huo wakianzia na doa la kahawa.

Kama bado una mafuta, rudia jaribio lako hivi. Osha slaidi kwa sabuni, suuza sana, malizia kwa maji yaliyotoneshwa, ikauke ikiwa imesimama na usiiguse katikati. Weka kitone kwa ncha ya sindano, kidogo kuliko kile cha kwanza kama utaweza, ifunike na kitu kuzuia vumbi. Piga picha kutokea juu sekunde ya 30, dakika 1, 2, 4, 8, uwe unauzidisha muda kwa mbili mpaka kesho yake ukipenda, maana kwa mwendo huu picha za kila dakika ni kupoteza nafasi kwenye simu. Kila muda ukizidi mara mbili upana unatakiwa kuongezeka kama asilimia 7. Ukiweza piga na picha ya ubavuni dakika za mwanzo, gawanya urefu wa tone kwa nusu ya upana wake, hiyo inakupa tanjenti ya nusu ya pembe ya mgusano, halafu uangalie kama kweli pembe inashuka kwa mchemraba wa upana. Namba zikikataa kufuata asilimia 7, angalia kwanza ukubwa wa tone na usafi wa slaidi kabla hujailaumu sheria ya Tanner, halafu niletee hizo picha tuziangalie pamoja.